Nyumba Njema si Mlango, Wala si Bati



Wazee wetu walituachia usemi huu: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walijua kwamba macho ya mpita njia hudanganyika upesi. Huona mlango uliochongwa vizuri, huona bati jipya linalometameta, naye husema, "Mwenye nyumba ile amefanikiwa." Lakini anayeijua nyumba ni yule alalaye ndani yake.

Basi leo twataka kuingia ndani. Twende Ankoro, pale mto Luvua unapoingia katika Lualaba, mwezi wa Oktoba, saa nane mchana. Twakuta nyumba ya matofali, imeezekwa mabati, haina dari. Mama amemtoa mtoto mchanga kitandani, amemlaza juu ya mkeka chini ya mwembe. Mwanafunzi amebeba daftari lake, naye yuko chini ya mwembe uo huo. Baba, aliyeweka akiba miaka mingi apate kununua mabati yale, ameketi kivulini kwa jirani. Na jirani mwenyewe, ambaye nyumba yake ni ya nyasi, amelala ndani usingizi mtamu.

Je, si ajabu? Nyumba iliyogharimu fedha nyingi yawafukuza wenyewe, na ile ya nyasi yawalaza! Neno hili si la kuchekwa, kwa maana ndani yake mna afya ya watoto, masomo ya vijana, na fedha za wazazi. Tulitafakari pamoja.

Kwa nini joto latoka juu

Ankoro iko kusini ya Ikweta, kadiri ya digrii saba kasoro kidogo. Mahali kama hapo jua hupita juu ya utosi mara mbili kila mwaka: mwanzo wa Machi, na tena karibu na tarehe 10 ya Oktoba. Siku hizo, saa sita mchana, mtu asimamaye uwanjani hukikanyaga kivuli chake mwenyewe. Wakati huo kuta hazipigwi sana na jua; paa ndilo lipigwalo. Kwa hiyo mtu akitaka kujua nyumba yake itakuwa tamu au chungu, na aanze kwa kutazama juu.

Bati ni chuma chembamba, kisichofikia hata nusu ya milimita, kilichopakwa zinki. Chuma hupitisha joto upesi mno. Likiwa jipya, bati hurudisha sehemu ya mwanga wa jua kama kioo. Likiisha kuchakaa na kupata kutu, hulinywa jua kwa sehemu kubwa na kulimwaga chini, juu ya vichwa vya watu. Nyasi kavu si hivyo. Kati ya jani na jani mna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia ni mvivu mkubwa wa kupitisha joto. Mababu zetu hawakusoma kitabu cha fizikia, lakini waliijua kazi hiyo.

Lakini mtu asidhani kwamba twadharau bati. Nyasi huoza, nazo hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Hukaribisha panya na wadudu. Bati hutupa maji safi ya mvua, nyasi hazitupi. Tena nyasi hushika moto upesi, na hapo watu wa Ankoro wana sababu isiyosahaulika. Mwezi wa Novemba mwaka 2002, askari wa serikali walipopigana na Mayi-Mayi katika mji huo, raia wengi waliuawa na nyumba zaidi ya elfu nne zilichomwa moto. Baadaye askari kadhaa walishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mtu aliyeona mtaa mzima wa nyasi ukiwaka, nani atamlaumu akitamani bati?

Kwa hiyo hatuulizi: bati au nyasi? Twauliza hivi: nifanyeje nilale chini ya bati kama nilivyolala chini ya nyasi?

Nyumba zipewazo alama

Yafaa tutazame wenzetu wa nchi nyingine wanalijibuje swali hilo. Mwezi mmoja tu baada ya moto ule wa Ankoro, yaani Desemba 2002, Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kwamba nyumba inayouzwa au kupangishwa iwe na cheti. Cheti hicho husema nyumba yahitaji nishati kiasi gani, maana yake nguvu za umeme, za gesi, za mafuta au za kuni. Nyumba hupewa alama kama mwanafunzi shuleni: A kwa iliyo bora, kisha B, C, hata kufikia G, ambayo ni ya mkiani.

Tuchukue Ubelgiji, ambako jamaa zetu wengi wa Kongo wanaishi. Katika jimbo la Walonia mtaalamu huja nyumbani, naye haulizi bei ya mlango. Huuliza hivi: paa lina nini ndani yake? Kuta zina unene gani? Madirisha yana kioo kimoja au viwili? Hewa yapenya wapi? Tanuri la kupasha nyumba ni la namna gani? Akiisha kupima hayo hufanya hesabu ya kilowati-saa zitakazotakiwa kwa mwaka, halafu huzigawanya kwa ukubwa wa nyumba.

Kilowati-saa moja ni nini? Ni umeme unaoliwa na taa ya wati 10 ikiwaka saa 100. Basi katika Walonia nyumba ya alama A huhitaji kilowati-saa zisizopita 85 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Ile ya G huhitaji zaidi ya 510. Tufanye hesabu ya nyumba ya mita 100 za mraba: ya A haivuki 8,500, ya G yavuka 51,000. Nyumba mbili za ukubwa mmoja, pengine za mtaa mmoja, na moja yala mara sita kuliko mwenzake!

Tofauti hiyo yote yatoka wapi? Sehemu kubwa yatoka katika kitu kisichoonekana, nacho ni blanketi la nyumba. Wataalamu hukiita kihami, yaani kitu kisichopitisha joto: pamba ya mawe au ya kioo, vipande vya mbao, manyoya ya kondoo, hata majani makavu ya ngano. Katika nyumba isiyo na blanketi, robo ya joto lake au zaidi hupotea kwa njia ya paa peke yake. Ndiyo sababu mafundi wa huko, wakitaka kupandisha alama ya nyumba kuukuu, mara nyingi huanza na paa kabla hawajanunua mtambo mpya. Jambo hilo halichezewi tena. Katika Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2025, nyumba ya alama G haikubaliwi kupangishwa kwa mkataba mpya.

Blanketi halina moto wake

Hapo msomaji wetu atasema, "Lakini wao wana baridi, sisi tuna joto. Blanketi litatufaa nini?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Mama wa nyumbani analo jibu mezani pake: chupa ya chai. Tia ndani yake chai ya moto asubuhi, utaikuta ya moto adhuhuri. Tia maji baridi, utayakuta baridi. Chupa yajuaje kwamba hii ni chai na haya ni maji? Haijui kitu. Kazi yake ni moja tu, kulizuia joto lisipite, liwe lataka kutoka au lataka kuingia. Tazameni pia wauza barafu: hulifunika bonge lao kwa magunia au kwa unga wa mbao. Je, wanalipasha moto? Hasha! Walizuilia joto la nje lisiliyeyushe.

Ndivyo ilivyo nyumba. Kule Ulaya blanketi la paa huzuia joto lisitoke. Katika Ankoro blanketi lile lile huzuia joto lisiingie. Blanketi halina moto wake, wala halina baridi yake. Ni mlinzi wa mlangoni tu.

Wageni ishirini chumbani

Wanafunzi wanaopenda hesabu na watufuate hapa. Tuchukue chumba cha mita 3 kwa mita 4, yaani mita 12 za mraba. Bati lililopigwa na jua kali laweza kufikia digrii 60. Tuseme hewa ya chumbani ni digrii 32. Tofauti ni digrii 28. Kwa kadirio la mafundi, kila mita ya mraba ya bati tupu itamwaga chini joto la wati 165 hivi. Zidisheni kwa 12: ni karibu wati 2,000.

Sasa mwili wa mtu mzima aliyeketi kimya hutoa joto la wati 100 hivi. Gawanyeni: 2,000 kwa 100 ni 20. Maana yake, bati lile ni kana kwamba limewaingiza wageni ishirini chumbani, wameketi bega kwa bega, wala hawaondoki mpaka jua litue. Ni mtoto gani atalala hapo? Ni mwanafunzi gani atakumbuka somo lake?

Tuweke dari, na juu ya dari tulaze tabaka la nyasi kavu lenye unene wa sentimita 10. Hesabu yabadilika: joto lipitalo katika chumba kizima lashuka hata wati 200 au chini yake kidogo. Wageni ishirini wamekuwa wawili. Bati ni lile lile, jua ni lile lile, kuta ni zile zile. Kilichoongezeka ni blanketi tu.

Tena tujue kwamba unene wa ukuta peke yake haushindi unene wa nyasi. Paa la nyasi la sentimita 20 huzuia joto kadiri sawa na ukuta wa matofali ya kuchoma wenye unene wa mita mbili! Ukuta mnene una faida nyingine: hulikawiza joto, likafika ndani wakati jua limekwisha kushuka. Ndiyo sababu majengo ya zamani yenye kuta nene, paa la juu na baraza pana huwa na ubaridi mchana. Waliojenga hivyo walishika mambo yote pamoja: kivuli, unene, dari, na hewa.

Yawezekanayo kwetu

"Nyinyi mwasema vizuri," atajibu baba wa nyumba, "lakini pamba ya kioo nitaipata wapi? Na nikiipata nitailipa kwa nini?" Ndugu, hatukutumi ng'ambo. Tazama kandokando ya mto: matete yamejaa. Mikeka ya matete iliyosukwa imara hufanya dari. Nyasi zipo, udongo upo. Tatu hizi zatosha kuanza.

Lakini fanya kwa akili. Nyasi tupu juu ya dari ni kitanda cha panya, ni chakula cha mchwa, tena ni hatari ya moto. Kwa hiyo zikatwe fupi, zikauke kabisa, zichanganywe na udongo mwepesi uliolowa, kisha mchanganyiko utandazwe juu ya matete na kuachwa ukauke kabla ya kupaka udongo mwingine laini juu na chini. Udongo huwakinga na moto na kuwafunga njia wadudu. Hauzuii joto sawa na nyasi tupu, lakini huzuia mara nyingi kuliko bati lililo uchi. Boriti na ziwe imara, kwa kuwa udongo ni mzito. Mwulize seremala kabla ya kupandisha, usije ukaangusha dari juu ya watoto. Wala usiweke dari kama hiyo juu ya meko.

La pili, acha nafasi kati ya dari na bati, na matundu katika kuta za mbele na za nyuma chini ya kilele cha paa, ili hewa ya moto iliyofungwa pale ipate kutoka. Ziba matundu hayo kwa wavu, popo wasihamie. La tatu, madirisha yawe yanatazamana, upepo upate pa kuingia na pa kutokea, hasa usiku. Maana nyumba iliyofungwa pande zote, hata ikiwa na dari njema, hulihifadhi joto la watu na la taa kama chupa ya chai. La nne, rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati hulirudisha jua lilikotoka. La tano, mti. Mwembe uliopandwa upande wa magharibi huzuia jua la jioni, nao huleta matunda juu yake. Ni kihami gani cha Ulaya kizaacho maembe?

Tena onyo moja. Katika majengo ya kale huonekana dari au mabamba ya kijivu yaliyotengenezwa kwa saruji na asbesto. Mtu asiyavunje, asiyakate kwa msumeno, wala asiyachukue kwa dari yake. Vumbi lake likiingia mapafuni laweza kuleta kansa baada ya miaka mingi.

Blanketi la jikoni

Sasa tuseme kweli. Katika Ankoro familia nyingi hazipashi nyumba moto wala hazipoozi kwa mashine. Nishati yao kubwa huishia wapi? Jikoni, katika kuni na makala. Basi blanketi liingie jikoni pia.

Kilo moja ya makala ina nguvu ya kilowati-saa 8 hivi. Gunia la kilo 50 lina 400. Lakini mbabula ya chuma tupu hulipoteza joto jingi pembeni. Mpishi hujua kwa kuungua magoti. Katika Kenya, miaka ya 1980, mafundi walieneza jiko lenye ngao ya udongo wa kuchoma ndani ya chuma. Ngao ile ndiyo blanketi lake: joto hurudi kwenye chungu badala ya kukimbilia hewani, na makala hupungua sana yakitumiwa kwa uangalifu. Jiko hilo limeenea nchi nyingi za Afrika, na mfinyanzi wa kwetu aweza kulijifunza.

Kuna dawa iliyo rahisi zaidi: kikapu. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji yale, tia mapya, uyachemshe kwa nguvu nusu saa. Kisha ondoa sufuria motoni ingali yachemka, ifunike, iweke ndani ya kikapu kikubwa kilichojaa nyasi kavu au vitambaa, na juu yake mto mnene wa kufunika. Usifungue kwa saa tatu au nne. Ukifungua utakuta yamekaribia kuiva bila makala hata moja kuongezwa. Uyachemshe tena kabla ya kula. Akina mama watakaojaribu watashangaa, kwa maana hakuna uchawi. Ni blanketi tena.

Umeme ukija

Wengine husema, "Tusubiri umeme. Umeme ukija tutanunua mashine ya upepo, joto litakwisha." Tukumbuke mambo ya nyumbani. Juu ya mto huo huo Luvua, bwawa la Piana-Mwanga lilianza miaka ya 1930 kutoa umeme kwa migodi ya Manono. Huko kulichimbwa bati, lakini bati la madini, si hili la kuezekea, ingawa lugha yetu huyaita kwa jina moja. Vita vya mwishoni mwa karne iliyopita viliharibu kazi ile. Mwaka 2018 mji wa Manono ulipata kituo cha umeme wa jua cha megawati moja. Na siku hizi nyumba nyingi zina bamba dogo la jua na betri yake.

Bamba dogo ni kibaba kidogo. Feni ndogo ya wati 20 ikizunguka saa 8 hula wati-saa 160, nayo betri ya kiasi hutosha. Lakini mashine ya kupooza hewa hula wati 1,000 na kupita, na katika chumba chenye wageni ishirini wa bati haipumziki kamwe. Anayenunua mashine kabla ya dari ni kama mtu achotaye maji kwa kikapu: hatachoka kuchota, wala hatajaza mtungi. Kwanza ziba, kisha chota.

Tusidanganywe na alama

Neno moja twataka wasomaji wetu walishike. Mtu mjanja aweza kusema, "Nyumba yangu haina taa wala feni, haili hata kilowati-saa moja. Basi yangu ni A!" La, bwana. Mwenye njaa hasifiwi kwa kufunga. Wapimaji wa Ubelgiji wanalijua jambo hilo. Hawahesabu kile ambacho wenyewe wamekitumia, maana maskini huzima moto na kutetemeka; wanahesabu kile ambacho nyumba ingekitaka ili watu wakae vyema ndani yake. Hapo ndipo penye haki. Nyumba nzuri ni ile inayoomba kidogo na kumpa mtu mengi. Nyumba isiyoomba kitu kwa sababu wenyewe wamehamia chini ya mwembe haistahili cheti.

Kwa hiyo wanafunzi, bila kungoja mtaalamu wa mbali, pimeni nyumba zenu juma hili. Toeni alama mbili kwa kila neno: dari ipo? Hewa ya moto ina matundu ya kutokea chini ya paa? Madirisha yanatazamana? Kuna kivuli cha baraza au cha mti upande wa magharibi? Jiko lina ngao, au kikapu kinatumika? Jumla ni kumi. Mwenye kipimajoto akitundike saa nane mchana katikati ya chumba, kisha akitundike kivulini nje. Chumba kikipita kivuli kwa digrii nyingi, paa linawadai. Someni matokeo mbele ya wazazi kwa adabu, msije mkamwaibisha baba aliyehangaika kwa mabati yake. Mwambieni, "Baba, ulitupa paa; sasa sisi watoto tutakusaidia kusuka dari." Matete hukatwa na mikono ya vijana.

Na wanaosimamia shule wafikiri vile vile. Darasa la mabati bila dari lina adui wawili: mchana joto, na mvua ikinyesha, kishindo kinachomnyamazisha mwalimu. Dari moja huwapunguza wote wawili. Wanakamati wanapokusanya fedha za mabati, na waandike dari katika karatasi ile ile, siyo katika ahadi ya mwaka ujao.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta, walisema wazee. Sisi twaongeza: usipofunika paa, utanunua upepo siku zote. Nyumba elfu nne za Ankoro ziliteketea, na watu walijenga tena kwa mikono yao. Waliojenga tena wamekwisha kuishinda kazi iliyo ngumu. Iliyobaki ni ndogo: tabaka la sentimita kumi, kati ya bati na usingizi wa mtoto.

Tukutane juma lijalo. Mwenye kujaribu kikapu au dari na atuandikie jinsi alivyofanya na alivyoona, wenzake wapate kujifunza.